Nilipoombwa kuchora picha ya mwizi wa Ngamiani

Daftari lenyewe ni lile kubwa la kaunta, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, pembe zimelika kwa kushikwashikwa. Juu yake mtu ameandika MATUKIO kwa maki peni. Ndani kurasa zimepigwa mistari kwa rula, safu tano: tarehe, mahali, kilichoibwa, anayeshukiwa, aliyepatikana. Katibu wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu, Ngamiani, Tanga, aliniletea jioni moja baada ya magharibi, mimi na mama tumekaa barazani tunachambua mchele.

Nilimwamkia, akaitikia, akaketi ukingoni mwa baraza na kuniwekea daftari mapajani.

"Mwanangu, wewe umesoma saikolojia, kompyuta unayo. Humu mna mwaka mzima na zaidi wa wizi wa mtaa huu. Hebu tuchoree picha ya huyu mtu. Ana umri gani, anakaa wapi, ana tabia gani. Nasikia huko kwa wenzetu data ikishaingizwa kwenye mashine, mtu anajulikana hata kabla hajakamatwa."

Anayeijua Tanga anajua baiskeli kwetu ni nini. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na muuza samaki, fundi, mwanafunzi, mzee anayekwenda kuswali, wote utawakuta juu ya baiskeli. Ukiibiwa baiskeli umekatwa miguu. Ombi la Katibu halikuwa la mzaha. Nafundisha saikolojia chuoni, na katika masomo yote, lile la wasifu wa mhalifu ndilo wanafunzi hulisubiri kwa hamu. Wanapenda ile hadithi ya mtaalamu anayefika mahali pa tukio, anatazama kimya, kisha anasema: mtafuteni mwanamume wa miaka thelathini, hana mke, anaishi na mama yake.

Lakini kati yangu na Katibu kulikuwa na jambo jingine, na mama alikuwa ameshaacha kuchambua mchele.

Miezi minne kabla ya hapo mdogo wangu alikamatwa. Yeye huvua usiku na wenzake, wanashukia upande wa Deep Sea, na saa za kurudi hupangwa na maji, si na yeye. Usiku ule alirudi saa nane. Walinzi walikuwa wameambiwa wamtafute kijana mwembamba, asiye na kazi maalumu, anayetembea usiku na begi mgongoni. Wakamsimamisha, wakafungua begi. Mlikuwa na mshipi, ndoana ndani ya kopo la maziwa, tochi, na fulana iliyolowa. Wakampeleka kituoni vilevile, kwa sababu anafanana na aliyeelezwa. Asubuhi hakutokea mtu wa kumtambua, akaachiwa bila shitaka na bila kauli ya pole. Huko ndani walikuwa wamemvua mkanda na kamba za viatu. Alifika nyumbani kamba zile amezikunja mkononi, akaziweka juu ya kabati la vyombo, na ziko pale mpaka leo. Viatu anavivaa bila kamba.

Nikalichukua daftari.

Kazi ya kuchora wasifu wa mhalifu, kwa sura tunayoijua leo, ilikuzwa zaidi Marekani. Mwaka 1972 FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilianzisha kitengo cha sayansi ya tabia, Quantico, jimbo la Virginia. Maofisa wake, wakiwemo Robert Ressler na John Douglas, walizunguka magerezani wakiwahoji wahalifu, na kutokana na mahojiano na wauaji 36 ukatoka mgawanyo uliosambaa duniani kote: muuaji aliyejipanga na muuaji asiyejipanga. Aliyejipanga huja na silaha yake na kuondoka nayo, ana akili, ana kazi, ana mke. Asiyejipanga hutumia alichokikuta, huacha vurugu, huishi peke yake karibu na alipotendea. Ukiusikia mara ya kwanza unaona umefumbuliwa macho. Mimi mwenyewe niliusikia darasani nikaona hii ndiyo kazi ninayoitaka.

Sasa itazame data iliyo chini yake. Watu 36. Wote wamekamatwa, kwa hiyo wasiokamatwa hawamo. Wote wamekubali kuzungumza, kwa hiyo waliokataa hawamo. Na habari za nafsi zao wanazitoa wenyewe, watu ambao wengi wao walikuwa mabingwa wa kudanganya. Mwaka 2004 mwanasaikolojia David Canter wa Uingereza na wenzake waliupima mgawanyo huu kwa mauaji 100 ya wauaji wa mfululizo wa Marekani. Walitaka kuona kama dalili za "asiyejipanga" huwa zinakaa pamoja kama kundi. Hazikukaa. Dalili za kujipanga zilionekana karibu kila mahali, na zile nyingine zilitawanyika bila mpango.

Miaka miwili kabla, watafiti Andreas Mokros na Laurence Alison walikuwa wameshachimba mzizi wenyewe. Wasifu wote unasimama juu ya dhana moja: watu wanaotenda uhalifu kwa namna inayofanana, wanafanana pia maishani. Wakachukua wabakaji 100 wa Uingereza waliowashambulia wanawake wasiowajua, wakalinganisha matendo yao na umri wao, hali yao ya maisha na makosa yao ya nyuma. Hawakuona uhusiano. Kufanana kwa matendo hakukuleta kufanana kwa watu. Huwa nawasomesha wanafunzi utafiti huu wiki moja baada ya hadithi za FBI, na darasa hunyamaza.

Kwa nini basi wapelelezi wengi wanaapa kwamba wasifu uliwasaidia? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia za kila mmoja, wakadhani yametokana na mtihani waliofanya. Wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile. Mwaka 2003 Alison na wenzake wakafanya jambo la karibu na hilo kwa wataalamu wa mambo ya jinai. Waliwapa wasifu mmoja; kundi moja likaonyeshwa mhalifu halisi wa kesi ile, kundi jingine likaonyeshwa mtu wa kutungwa aliyetofautishwa naye kwa makusudi. Katika kila kundi zaidi ya nusu walisema wasifu ni sahihi. Maneno mapana yanamkaa kila mtu, kama kanzu ya kuazima.

Kuna takwimu ya Uingereza ambayo kwangu ndiyo inayosema mengi zaidi. Mwaka 1995 Gary Copson alikusanya maoni ya wapelelezi juu ya wasifu 184. Wengi mno walisema ulikuwa na manufaa na wangeuomba tena. Alipouliza kama ulimtambulisha mhalifu, jibu lilikuwa ndiyo kwa asilimia 2.7. Hiyo ni kesi tano. Mtu akiridhika na dawa namna hiyo huku haimponyi, hospitali ingekuwa na wajibu wa kusimama na kuuliza kinachoendelea.

Na gharama ipo. Julai 1992 Rachel Nickell aliuawa mchana kweupe katika uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, London, mbele ya mtoto wake mdogo. Polisi walichorewa wasifu, na mtu wa karibu na pale, Colin Stagg, akaonekana anafanana nao. Wakamtumia ofisa wa kike ajifanye mpenzi wake wa barua, miezi kadhaa, ili aseme jambo. Hakukiri. Akashitakiwa hata hivyo, na mwaka 1994 jaji akaukataa ushahidi ule na kesi ikafa. Muuaji, Robert Napper, alikiri mahakamani Desemba 2008 baada ya vipimo vya DNA. Miaka ile ambayo macho yote yalikuwa kwa Stagg, Napper alimuua mama mwingine, Samantha Bisset, na binti yake Jazmine wa miaka minne. Hili la mtoto yule siwezi kulipita haraka. Kumtazama mtu asiye mwenyewe ni kumpa mgongo mwenyewe.

Najua jibu la Katibu, na ndilo jibu la wengi siku hizi: hayo yalikuwa makosa ya binadamu na hisia zake, data haina hisia. Kuna ukweli ndani yake. Canter alisisitiza miaka mingi kwamba tuache ramli, tuhesabu. Yeye na Paul Larkin, mwaka 1993, walichukua wabakaji 45 wa mfululizo wakajaribu kanuni nyepesi kabisa: tafuta matukio mawili yaliyo mbali zaidi, yaunganishe kwa mstari, chora duara mstari huo ukiwa kipenyo chake. Wahalifu 39 kati ya 45 walikuwa wanaishi ndani ya duara. Hakuna haja ya kujua kama mtu anampenda mama yake. Na kanuni ya namna hii inaweza kushindwa mbele ya macho yako, jambo ambalo ramli haikuruhusu.

Nikaijaribu kwa daftari. Nilitandika karatasi ya manila sakafuni, nikachora barabara za Ngamiani, nikaomba choroko jikoni. Punje moja kwa kila tukio. Mama alikuja akasimama mlangoni, akatazama punje zinavyoongezeka, akasema, "Hapa kwa fundi mashine pamejaa." Kweli, punje nyingi zilirundikana sehemu moja, nyumba chache tu. Ningeweza kupiga picha, kuitia kwenye programu, ikatoa ramani yenye rangi nyekundu katikati, na Katibu angeondoka ameridhika.

Lakini hapo kwa fundi mashine ndipo Katibu anapokaa jioni na daftari lake.

Anayeibiwa jirani na Katibu anaandikwa. Anayeibiwa kule mwisho, mjane anayekaa uani na asiyependa kusimamishwa barazani aulizwe maswali, haandikwi. Choroko zangu zilikuwa zimechora njia za Katibu. Mwizi hakuwemo kwenye ramani ile, au alikuwemo nami sina namna ya kumtofautisha. Tena duara la Canter linataka matukio yawe ya mtu mmoja, na mimi nilikuwa na baiskeli, simu, kuku wawili na mtungi wa gesi. Hata kungekuwa na mtu mmoja, watafiti wa Australia waliojaribu duara hilohilo mwaka 1997 kwa wezi wa kuvunja nyumba walikuta karibu nusu tu ndio wanaoishi ndani yake. Nusu ni sawa na kurusha shilingi.

Kisha nikasoma safu ya nne. Anayeshukiwa: kijana. Anayeshukiwa: vijana wa vijiweni. Anayeshukiwa: mgeni, si mtu wa hapa. Kijana hana kazi. Kijana. Ukurasa baada ya ukurasa, safu ile imejaa mpaka mwandiko umebanana. Safu ya tano, aliyepatikana, ni nyeupe. Katika daftari zima imeandikwa mahali pane. Mmoja alikuwa mpangaji wa nyumba ileile iliyoibiwa, mtu mzima mwenye ajira. Mmoja ni ndugu wa mwenye baiskeli. Wawili ni vijana.

Fikiria sasa daftari hili limeingizwa kwenye mashine. Mashine itajifunza nini? Itajifunza safu ya nne, kwa sababu ndiyo yenye maandishi. Itatoa wasifu: kijana, hana kazi, mgeni, anatembea usiku. Walinzi wataongeza doria kwa watu hao, watawasimamisha zaidi, wataandikwa zaidi, na mwakani data itakuwa nyingi zaidi na itasema jambo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Huko Marekani walilipitia hili na mifumo ya kutabiri maeneo ya uhalifu. Mji wa Santa Cruz, California, uliokuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuitumia, uliipiga marufuku mwaka 2020. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica, shirika la habari za uchunguzi, walichambua alama za mfumo wa COMPAS, unaokadiria nani atarudia kosa, kwa watu zaidi ya 7,000 wa Broward, Florida. Miongoni mwa watu ambao baadaye hawakurudia kosa, uwezekano wa mtu mweusi kuwa amepewa alama ya hatari ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa mweupe. Wenye mfumo walijitetea kwamba alama ikitolewa ina maana ileile kwa weusi na weupe, na kwa hesabu yao hawakusema uongo. Ubishi ule umewafundisha wataalamu kwamba haki katika kipimo ina maana zaidi ya moja na kwamba makundi yakiwa na viwango tofauti vya kukamatwa upya, huwezi kuzitimiza zote kwa pamoja. Mtu lazima achague kosa lipi limwangukie nani. Baadaye, mwaka 2018, watafiti Julia Dressel na Hany Farid wakaonyesha kwamba kanuni yenye vitu viwili tu, umri na idadi ya makosa ya nyuma, inafikia usahihi uleule, kama asilimia 65.

Kwetu sisi sehemu ya data hiyo imeandikwa na sheria za zamani. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni ina makosa ya uzembe na uzururaji, ambayo mtu hukamatwa kwa kuonekana ni mtu wa namna fulani bila kufanya jambo. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hii haziendani na Mkataba wa Afrika. Kukamatwa kwa namna hiyo kukiingia kwenye mashine kunaitwa rekodi ya uhalifu.

Nitatoa hesabu ambayo humpigia kila mwanafunzi wangu ubaoni. Tuseme mtaa una watu 3,000 na wezi 10. Tuseme tumepata kipimo kizuri kuliko vyote: katika wezi 10 kinawanasa 9, na katika wasio wezi kinakosea mmoja tu kwa kila 10. Wasio wezi ni 2,990, kwa hiyo kitawanyooshea kidole 299. Ongeza wale 9. Mkononi una watu 308, na 299 kati yao hawajaiba kitu. Mlinzi anayemkamata mmoja wao saa nane za usiku anaamini ana uhakika wa asilimia 90, kumbe ana uhakika usiofika asilimia 3. Mwalimu akishindwa kila kitu katika somo hili, asishindwe kulieleza hilo.

Sisemi data itupwe. Kesi iliyompa Canter jina inaonyesha mahali pake. Mwaka 1986 polisi wa London walikuwa na mfululizo wa ubakaji na mauaji karibu na njia za reli, na orodha ya washukiwa karibu 2,000. Canter aliyapanga matukio kwenye ramani, akatoa makadirio 17 juu ya mhalifu, pamoja na eneo analokaa. John Duffy, aliyekuwa seremala wa reli, alikuwa tayari kwenye orodha ile, mbali huko chini, makadirio yakampandisha. Kisha polisi wakamfuatilia, na nyumbani kwa wazazi wake wakakuta kamba ya aina isiyo ya kawaida iliyolingana na ile iliyotumika kuwafunga waathirika. Wasifu uliwasaidia kupanga orodha, waanze na nani. Kilichomtia hatiani ni kamba na ushahidi mwingine. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaielewa tofauti hiyo: kwa kawaida tabia mbaya ya mshitakiwa haipokelewi kama uthibitisho kwamba ametenda kosa. Kufanana na mhalifu ni hafifu hata kuliko tabia mbaya.

Kwa hiyo mtu akiniletea mfumo wa kuchora wahalifu kwa data, hata uwe wa kisasa namna gani, namuuliza umeelekeza kwa watu wangapi ambao hawakuwa wenyewe, na walioandika hayo ni akina nani. Asiyeweka kumbukumbu hiyo hana data. Ana safu ya nne.

Nilikaa na daftari siku tisa. Katibu alipolifuata, jioni, nilimwonyesha manila na choroko zilizogandishwa kwa gundi ya ngano. Nikamweleza kwa nini rundo liko pale alipo yeye. Alitazama muda mrefu. Ni mtu mzima aliyejitolea miaka bila mshahara, na mitaa yetu inalala salama kwa watu kama yeye, kwa hiyo nilichagua maneno. Akasema, taratibu, "Basi kule mwisho tuwafuate majumbani."

Nikamfungulia ukurasa mpya. Nilikuwa nimepiga mistari kwa rula na kuongeza safu ya sita.

"Hii ya nini tena?"

"Tuliyemshuku, halafu ikawaje, mzee wangu. Kila anayesimamishwa aandikwe humu, hata akiwa siye. Hasa akiwa siye."

Akavaa miwani. Mama alikuwa ndani, taa ya ukumbini inawaka, na kupitia dirishani naliona kabati la vyombo. Katibu alinyoosha mkono nikampa kalamu. Hakuanza na tarehe ya siku ile. Alirudi nyuma miezi kadhaa, akaniuliza ilikuwa usiku wa kuamkia lini, nikamtajia. Akaandika jina la mdogo wangu, herufi moja moja, kisha kwenye safu ya sita: hakuwa yeye, begi lilikuwa la kuvulia.